Besi moja, vijana saba: wawili kaburini, mmoja jela, wanne kazini. Kilichotutenga ni nini?

Fundi_Kaptembwo
Wadau, habari zenu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Jumamosi tulipomzika mwenzetu wa pili.

Mwaka 2011 tulikuwa vijana saba tukishinda kwenye besi moja, yaani kijiwe, hapa Kaptembwo, Nakuru, kando ya ukuta wa duka la makaa. Sita tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, mmoja aliachia cha pili. Alama zetu zilikuwa za kukaribiana, D hadi C. Nyumba zilikuwa zilezile, chumba kimoja cha mabati na choo cha ploti nzima. Hakuna aliyekuwa na baba wa kujivunia mfuko. Leo wawili wako kaburini, wote kwa risasi. Mmoja yuko gerezani. Sisi wanne tuna kazi: mimi fundi wa mabomba, wa pili dereva wa lori la mboga, wa tatu yuko shamba la maua Naivasha, wa nne ana kinyozi.

Nimejiuliza usiku mzima tuliokoka kwa lipi. Siwezi kusema tulikuwa na akili kuliko wenzetu. Yule aliyetangulia kufa ndiye aliyekuwa akitufanyia hesabu sote shuleni.

Nikirudisha mambo nyuma naona kitu kimoja. Kila mmoja wetu wanne alikuwa na mtu fulani nje ya besi. Wala si rafiki, mtu tu. Mimi kazi ya kwanza nilipewa na mzee wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo mara mbili kwa mwezi. Aliniona mara moja tu nimebeba karai. Dereva alipelekwa kwa mwenye lori na mweka hazina wa kanisa lao. Wale watatu walitujua sisi tu, na sisi hatukuwa na kitu cha kuwapa. Mtu pekee aliyefika besi na "kazi" mkononi alikuwa jamaa mmoja wa pikipiki isiyo na namba.

Dai langu ni hili: anayekujua ndiye anayeamua utakuwa mwizi au mfanyakazi. Njaa na malezi vinakuja baadaye. Nipingeni.

MamaPacha_Naks
Pole sana kaka, Mungu awafariji wazazi wake. Lakini kwa malezi hapo nimekataa. Mama yako alikuwa akifua nguo za watu na bado akapata ujasiri wa kutaja jina la mwanawe mbele ya mwajiri. Mama hamtaji mtoto ambaye atamwaibisha. Huyo mzee wa Milimani unamhesabu kama bahati ya kujuana, mimi namhesabu kama kazi ya mama yako.

Mkulima_Bahati
Nimekuja kusoma tu. Endeleeni.

Msomaji_Lanet
Fundi, ulilosema lina mwenyewe. Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, aliligundua 1983 alipohoji watu Chicago. Alisema kazi nyingi hupatikana kwa watu unaofahamiana nao kijuujuu kuliko kwa marafiki wa chanda na pete. Rafiki yako wa karibu anajua kile unachokijua wewe. Mkikaa besi moja, mnapata habari moja.

Mwalimu_Njoro
Msomaji, umeligusa penyewe ila mwaka na mji nirekebishe. Makala yake ilitoka 1973, na utafiti ulifanywa Newton, mji ulio jirani na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Wazee wetu walikuwa na lao la kufanana: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila tuangalie pia aliowahoji. Walikuwa wenye taaluma, wataalamu wa ufundi na mameneja. Hakuhoji mbeba zege. Sina uhakika hesabu hizo zinavuka hadi Kaptembwo.

Nyapara_Pipeline
Hazivuki. Nimeendesha mjengo miaka kumi na minne. Nikitaka watu sita wa kuchanganya zege kesho, leo jioni nampigia fundi wangu, naye anamleta shemeji, binamu na jirani wa mlango wa pili. Watu wa karibu kabisa. Sababu haihusiani na habari. Mtu akinitoroka na misumari nijue nitamtafuta kwa nani. Kijana anayefika getini peke yake, hata akiwa na nguvu za ng'ombe, namwambia arudi kesho. Kesho hiyo huwa haifiki, na najua haifiki ninapoisema.

NyarNyalenda
Nyapara asante kwa kusema kweli. Hapa Kisumu ni hivyohivyo. Kaka yangu alizunguka eneo la viwanda miezi minane na bahasha, na alipoipata kazi aliipata kwa mume wa dada yetu, mtu anayekula kwetu kila Jumapili. Hakuna kijuujuu hapo.

Halafu niulize: mbona besi yenu haina wasichana? Mtaa ulikuwa na wavulana tu? Sisi tulikuwepo. Sisi kazi za nyumbani zote zilikuja kwa mdomo, "nitafutie msichana wa kazi", na anayekutafutia ni mama wa kikundi au mtu wa kanisani. Nilikaa nyumba tatu kabla ya kufungua kibanda changu cha kushona, na zote zilitoka kwa mwanamke mmoja muuza omena.

Na uhalifu ulitufikia pia, kwa njia nyingine. Hakuna aliyeniambia twende tukaibe. Niliambiwa "nitunzie huu mkoba hadi Ijumaa." Aliyesema hivyo alikuwa mtu niliyempenda. Binti wa jirani aliutunza mkoba kama huo, akalala seli siku tatu.

Omera_wa_Steji (Kondele)
Naunga mkono Nyapara. Kwenye steji yetu ya boda huwezi kupaki pikipiki hivihivi. Lazima mwanachama mmoja akulete na atie sahihi kwenye daftari. Ukipora abiria, ukimpiga mtu ngeta (kumkaba shingo umwibie), yule aliyetia sahihi analipa na anasimamishwa. Miaka mitatu iliyopita nililipa 6,500 kwa ajili ya kijana niliyemleta mwenyewe. Tangu hapo sijatia sahihi ya mtu yeyote.

Kwa hivyo kujuana kunazuia wizi. Tatizo ni kwamba kunazuia pia mtu mzuri asiyejulikana.

Wakili_wa_Wanyonge
Fundi, nimesoma chapisho lako mara mbili na kuna shimo. Unasema wanne waliokolewa na mtu wa nje. Sawa. Yule jamaa wa pikipiki isiyo na namba naye alikuwa nani? Hakuwa rafiki wa besi. Alikuja mara mojamoja, alijua mambo ambayo ninyi hamkuyajua, akawaletea nafasi. Kwa maelezo ya Msomaji na Mwalimu, huyo ndiye mtu wa kijuujuu kamili. Basi mlango uliokutoa wewe ndio huohuo uliowatoa wenzako, tofauti ni aliyebisha hodi.

Fundi_Kaptembwo
Wakili, umenichoma. Sikuwa nimeliona hivyo. Ni kweli hata jina lake halisi hatukulijua.

Kijana_wa_Bondeni
Duka la makaa la Kaptembwo lenye ukuta wa bluu? Siku hizi ni M-Pesa na kinyozi!

Fundi_Kaptembwo
Ndilo. Kinyozi chenyewe ni cha huyo mwenzetu wa nne niliyemtaja. Alirudi akakodi palepale.

Kijana_wa_Bondeni
Basi nimenyolewa pale mwezi uliopita! Dunia ndogo. Mwambie apunguze sauti ya redio.

Mulembe_Webuye
Mulembe wote. Mnazungumza kama kazi ziko zimefichwa mahali na kinachohitajika ni mtu wa kukuonyesha njia. Niwaambie ya kwetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Baba yangu alijua watu mia mbili, wa karibu na wa mbali, wasimamizi, madereva, wauza magogo, makarani. Wote walikuwa wamefungwa kwenye kiwanda kilekile. Kilipozima moshi, watu mia mbili wa baba waligeuka kuwa watu mia mbili wanaotafuta kazi. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa madeni, 2019, binamu zangu waliyaona yaleyale.

Kujuana ni kamba. Kisima kikikauka, kamba iwe ndefu namna gani unavuta ndoo tupu. Wizi wa ng'ombe na nyaya za stima kwetu tulianza kuuhisi baada ya hapo, na waliokamatwa walikuwa watoto wa watu wenye heshima zao, waliolelewa vizuri. Mama Pacha samahani.

MamaPacha_Naks
Hujanikosea. Lakini watoto wangapi wa wafanyakazi hao hawakuiba? Wengi zaidi, naamini. Hao nao walikuwa na njaa hiyohiyo.

Mulembe_Webuye
Wengi kweli. Wengi wao walihamia Nakuru na Eldoret kwa shangazi na wajomba.

Wakili_wa_Wanyonge
Yaani kwa watu wanaowajua. Tumerudi kwa Fundi.

Dawa_ya_Moto
Mimi naona mnaenda mbali. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Hao watatu walikuwa na tabia hiyo kabla ya besi na ndiyo maana walikaa na jamaa wa pikipiki alipokuja. Marafiki hawamharibu mtu, mtu anachagua marafiki wanaofanana naye. Fundi, jamaa huyo hakukuletea wewe pia hiyo "kazi"?

Fundi_Kaptembwo
Aliniletea. Nilikataa kwa sababu Jumatatu yake nilikuwa na miadi ya kuchimba mtaro wa choo kwa mzee wa Milimani, 400 kwa siku. Dawa ya Moto, naapa, kama isingekuwa huo mtaro ningeenda. Sikuwa mwema kuliko wao. Nilikuwa na Jumatatu.

NyarNyalenda
"Nilikuwa na Jumatatu." Nimeisoma hiyo nikasimama kushona.

Mwalimu_Njoro
Dawa ya Moto ameuliza swali ambalo watafiti limewasumbua sana: je, marafiki humbadilisha mtu, au watu wa aina moja hutafutana? Marekani walijaribu kulipima kwa bahati nasibu. Kati ya 1994 na 1998, familia kama 4,600 za mitaa maskini ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York ziliingizwa kwenye droo. Walioshinda walisaidiwa kodi ya kuhamia mitaa yenye hali bora. Kwa kuwa ni droo, huwezi kusema wenye tabia njema ndio waliochagua kuhama.

Matokeo hayakumpendeza mtu yeyote kikamilifu. Watu wazima waliohama hawakupata kipato zaidi, ingawa majirani walikuwa wapya. Wasichana walinufaika. Wavulana walikamatwa zaidi kwa makosa ya mali baada ya miaka michache. Baadaye, 2015, wachumi waliwafuata waliohama wakiwa chini ya miaka 13 na kukuta kwamba walipokuwa watu wazima walipata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao hawakushinda droo.

Dawa_ya_Moto
Kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?

Mwalimu_Njoro
Nusu. Mahali na watu hubadilisha mtoto. Kwa mtu mzima, kumhamishia kwa majirani wenye kazi hakumpi kazi.

Omera_wa_Steji (Kondele)
Bila shaka. Nikihamia Milimani ya Kisumu leo, nani atanisalimia?

Jirani_Mwema
Ongezeni na simu kwenye hesabu. Besi ya siku hizi iko WhatsApp. Dada yangu aliingizwa kwenye kundi la "kazi Qatar" na mtu aliyesoma naye darasa la sita. Wakamwomba 500 za usajili, halafu 3,000 za vipimo, halafu 12,000 za tiketi. Yule mwanafunzi mwenzake naye alikuwa ametapeliwa na akaambiwa akileta watu watano atarudishiwa zake. Ndivyo wizi unavyosafiri sasa, kwa mtu unayemjua aliyekwama.

Msomaji_Lanet
Jirani Mwema, mtandao una upande wa pili pia. 2022 kulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kwa miaka mitano, watumiaji zaidi ya milioni 20. Ulionyesha wanaosaidia zaidi mtu kubadili kazi ni wale wa kijuujuu kiasi. Mtu usiyemjua kabisa hasaidii sana, na rafiki wa ndani naye hivyohivyo. Halafu, hapa namnyenyekea Nyapara, kwenye sekta zisizotegemea sana teknolojia watu wa karibu ndio waliofaa zaidi. (Mwaka nimeuangalia mara tatu safari hii, Mwalimu.)

Nyapara_Pipeline
Asante. Zege haina LinkedIn.

Kijana_wa_Bondeni
Kwa sisi wa Nakuru hili la simu si hadithi. 2022 wakati wa mauaji ya wanawake kule Mawanga, serikali ilipotaja genge la Confirm, wazazi wengi hapa Bondeni na Kivumbini walishtuka kusikia majina ya vijana wanaowajua. Niliyoyaona kwa macho yangu ni madogo lakini nayasema: kijana mmoja wa ploti yetu alianza kwa kusajili laini za simu kwa kitambulisho chake, 200 kwa laini moja, kwa rafiki ya rafiki. Hakuuliza laini ni za nini. Alipouliza alikuwa amesajili kumi na moja na jina ni lake. Alikuwa ameshaingia kabla hajaamua kuingia.

Hakimu_Mstaafu_Kisii
Sikuwa hakimu, jina ni la kupewa na wajukuu, msiniulize sheria! Nataka kusema la kabila na hongo maana naona mnalizunguka. Hicho mnachokiita kujuana, kwa kijana asiye na mtu, ni ukuta. Mpwa wangu alifanya mahojiano ya karani kwenye ofisi moja ya umma, akaongoza, kazi ikaenda kwa mtoto wa nyumbani kwa mkubwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Ziko kwenye vitabu. Mpwa wangu alipokosa alikaa mwaka mzima haongei. Hakuiba. Lakini aliacha kabisa kuamini kwamba karatasi ya shule ina maana, na kijana akishafika hapo amebakiza hatua moja.

Wakili_wa_Wanyonge
Mzee, heshima zako. Hili ni zito. Mzee wa Milimani alipompa Fundi mtaro, kuna kijana mwingine hakupewa.

Fundi_Kaptembwo
Nakubali. Na pengine alikuwa palepale besi.

Randa_na_Msumeno
Nimesoma uzi huu siku mbili bila kuandika. Leo naandika. Mimi ndiye yule "mmoja jela" wa besi nyingine, ya Kisumu. Nilikaa miaka minne ndani kwa kuvunja duka.

Mnasema waliokosa watu wa nje ndio walioangamia. Niwaambie, sijawahi kujua watu wengi wa mbali kama nilivyowajua gerezani. Nililala na watu wa Bungoma, Mombasa, Nakuru, Busia, na kila mmoja ana mchoro wake wa kazi. Kama kujua watu wa kijuujuu ni mali, nilitoka tajiri. Humohumo nilijifunza useremala na nikafanya mtihani wa ufundi, nikapita. Nilitoka na mikono miwili, mmoja wa randa na mmoja wa namba za simu.

Siku ya tatu nje, simu ya kwanza haikutoka kwa shangazi. Ilitoka kwa tuliyelala naye. "Umefika salama? Kuna kitu Kisian." Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimefika salama. Wazeni hilo.

Sikwenda. Sitajisifu kwamba ni roho yangu. Mama alikuwa kwenye chama cha akina mama kumi na wawili cha kuchangiana. Ilikuwa zamu yake, akapewa zake zote, akaninunulia randa, msumeno na patasi za mtumba pale soko la Kibuye. Wale wanawake kumi na mmoja walikuwa wakipita kibandani kila siku kuangalia kama niko. Hawakuniambia kitu. Walipita tu.

NyarNyalenda
Ndugu yangu, ero kamano (asante sana). Umeandika vitu ambavyo wengi hawasemi.

MamaPacha_Naks
Machozi. Hao wanawake waliopita kibandani.

Dawa_ya_Moto
Nimenyamaza. Swali moja tu la kweli: kazi za kuajiriwa ulijaribu? Cheti cha tabia njema ulifanyaje?

Randa_na_Msumeno
Nilijaribu mbili. Nililipa 1,050, nikapigwa alama za vidole, kikatoka kimeandikwa kosa langu. Kwa hiyo sikukipeleka. Mwajiri anakitaka pamoja na barua ya maombi, huna, bahasha inabaki mlangoni.

Wakili_wa_Wanyonge
Hapo nisahihishe kwa faida ya wote. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022. Mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivyo vya kibali wakati wa maombi. Anaweza kuvidai tu akishaamua kukupa kazi.

Randa_na_Msumeno
Wakili, asante, sikujua. Lakini akishaamua kunipa halafu akakisoma, ataamua tena.

Wakili_wa_Wanyonge
Sina jibu.

Mwalimu_Njoro
Ndugu wa Randa, hadithi yako inanikumbusha jambo la Monrovia, Liberia. Wanaume 999 waliokuwa kwenye wizi na vurugu waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa mafunzo ya wiki nane ya kujizuia na kujiona upya, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa chochote. Pesa peke yake ilisaidia kidogo kisha ikayeyuka. Waliopata vyote viwili walikuja kupatikana baada ya miaka kumi, na uhalifu wao ulikuwa karibu nusu ya ule wa waliokosa vyote. Hawakuwa wamepelekewa kazi wala watu wapya.

Mulembe_Webuye
Basi hata hoja yangu ya kisima inapata ufa.

Omera_wa_Steji (Kondele)
Mimi naona pesa hapo ni kama randa za mama yake, na mafunzo ni kama wale wanawake kumi na mmoja.

Mwalimu_Njoro
Huenda. Au huenda tunalazimisha ifanane. Kuna wachumi watatu, Calvó-Armengol, Verdier na Zenou, walioandika 2007 kwamba kwenye mitaa iliyotengwa ambako vijana wanashinda pamoja muda wote, kukamata na kuadhibu peke yake hakupunguzi uhalifu ipasavyo. Lazima kuwe na sera inayogusa mahusiano yenyewe. Ila yao ni hesabu za karatasini.

Kijana_wa_Bondeni
Kazi Mtaani ya 2020, ule mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, haikuwa sera ya namna hiyo? Tulilipwa 600 kwa siku, mtaa ulitulia kabisa.

Mkulima_Bahati
Awamu ya pili ilikuwa 455, na wasimamizi 505. Nilikuwa msimamizi. Na sikubaliani kwamba ulitulia kwa sababu ya pesa. Tulikuwa tunaamka saa moja asubuhi kufukua mitaro, saa mbili usiku kila mtu amelala.

Kijana_wa_Bondeni
Aliyekuja kusoma tu ameongea! 455, nakubali. Lakini ukilala saa mbili hujaiba, sababu utaipa jina unalotaka.

Mkulima_Bahati
Na ilipokwisha tulirudi besi tukiwa watu walewale, tumejuana zaidi. Wawili wa kikosi changu walianza kuiba wakiwa pamoja. Walikutana kwenye mtaro wangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Fundi_Kaptembwo
Wadau, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nilikuja na dai moja, sasa nina sita na zinagombana. Bado moyo wangu uko kwa lile la kwanza, ila Wakili na ndugu wa Randa wameniondolea raha nalo.

Kuna kitu sikukisema mwanzoni. Yule mwenzetu aliye ndani anatoka tarehe tatu mwezi ujao. Nimehesabu watu watakaompigia siku ya tatu. Mimi kazi yangu ni ya kuitwaitwa, wiki hii ipo, wiki ijayo haipo. Siwezi kumpa Jumatatu.

Randa_na_Msumeno
Mpigie wewe siku ya kwanza. Kabla ya wote. Hata kama huna kitu.

Dawa_ya_Moto
Ana ufundi wowote?

Fundi_Kaptembwo
Ndiye aliyeachia kidato cha pili. Nguvu anazo. Amejifunza kupaka rangi huko ndani, amesema kwenye barua.

MamaPacha_Naks
Nyapara, uko kimya.

Nyapara_Pipeline
Nipo. Nasoma tu. Nina ghorofa tatu Pipeline zinafika kwenye plasta mwezi ujao. Nilishasema ninavyofanya, sitaki kuleta mtu nisiyejua nitamtafuta kwa nani.

Fundi_Kaptembwo
Utanitafuta mimi. Nakutumia faraghani namba yangu, ya mama na ya kinyozi. Kikipotea kitu nalipa.

Omera_wa_Steji (Kondele)
Fundi, fikiri vizuri. Mimi 6,500 bado zinaniuma.

Fundi_Kaptembwo
Nimefikiri, Omera.

Nyapara_Pipeline
Namba nimeziona. Aje Jumatatu ya kwanza baada ya kutoka, saa moja kasoro, asichelewe. Ataanza mkono, yaani kibarua wa kusaidia mafundi, 600 kwa siku, tukifika rangi nitamwangalia. Asije na ndara.

Fundi_Kaptembwo
Mungu akubariki sana. Ndara ndizo alizoingia nazo. Nina buti zangu za zamani, namba tisa. Yeye huvaa kumi.

Mkulima_Bahati
Nina za kumi. Niko Bahati, Ijumaa nashuka sokoni na viazi. Nikuachie pale kinyozi?